Kwa mgeni anayeanza kazi katika viwanda vya Gqeberha

Ukipata ajira au nafasi ya mafunzo katika kiwanda cha Gqeberha, jiji la Afrika Kusini ambalo hadi Februari 2021 liliitwa Port Elizabeth, usianze kuzisoma mashine kabla hujalisoma jiji lenyewe. Utajiri wake wa awali ulitokana na bandari iliyosafirisha sufu ya kondoo kutoka nyanda kame za Karoo, na mwaka 1924, Ford ilipoanza kuunganisha magari hapa, iliingia katika ghala la sufu lililokuwa halitumiki, kwani magari yalikuja melini yakiwa vipande vipande. General Motors ilifuata mwaka 1926, na mwaka 1951 Volkswagen ikaanza kutoa magari katika mji jirani wa Uitenhage, ambao sasa unaitwa Kariega.

Mimi niliyaona hayo kuwa mambo ya makumbusho, na yakanigharimu. Katika mwezi wangu wa pili, nikiwa msaidizi wa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha vipuri, niliwapima kwa saa mafundi wanne wa meza moja, kisha nikatamka mbele yao kwamba kazi ile watatu wangeimudu. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja, ambaye vijana wote walimwita Tata, yaani baba, aliifuta spana yake kwa kitambaa, akailaza mezani taratibu, akainamisha macho. Kwa wiki mbili zilizofuata hakuna aliyenidokezea hitilafu yoyote kabla haijaharibu kazi.

Nilichokisema kama hesabu, wao walikisikia kama habari ya kufukuzwa, na walikuwa na haki. Baada ya Ford kuungana na kampuni nyingine mwaka 1985, kazi ya kuunganisha magari ilihamia Pretoria, kikabaki kiwanda cha injini. General Motors ilijiondoa mwaka 1986, ikarejea baadaye, kisha ikaondoka tena mwaka 2017. Kila familia ya vitongojini ina mtu aliyewahi kurudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazini. Wala usidhani kwamba siasa huishia nje ya geti: mwaka 1979 Thozamile Botha, mfanyakazi wa Ford aliyeongoza jumuiya ya wakazi weusi, aliiacha kazi alipobanwa achague kati ya hivyo viwili, na mamia ya wenzake wakatoka kiwandani kwa ajili yake.

Kwa hiyo, salimia kwa Kixhosa kila unapoingia zamu, waite wazee Tata na Mama, na pendekezo lolote linalogusa idadi ya watu lifikishe kwanza kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mimi nilirudi kwa Tata nikamwomba radhi, nikamuuliza yeye angebadilisha nini. Alininyooshea kidole sanduku la skrubu, lililokuwa hatua sita kutoka mezani. Tulilisogeza siku hiyohiyo, na meza ile ingali na watu wanne.