Maswali Yenu: Nalenga Kichwa, Risasi Inapita Pembeni

Mwezi huu barua nyingi ni za gemu za kulenga na kupiga, Counter-Strike 2 na Valorant hasa, na karibu wote mnalia kilio kimoja, mkono haufuati jicho. Nimechukua nne. Kabla ya yote niwaombe kitu: usiguse setingi hata moja kabla hujajua kinachokukwamisha ni mkono, ni mashine au ni mtandao, maana dawa ya kimoja haitibu kingine na ukichanganya zote kwa siku moja hutajua nini kimesaidia.

SWALI: Mambo vipi kaka, mi nipo Tabata nacheza CS2 kwenye laptopu used niliyochukua Kariakoo. Shida yangu ni sensi, ile kasi ya kugeuka nikisogeza mausi. Nikiona klipu ya mchezaji mkubwa nachukua sensi yake naweka, siku mbili nakuwa vizuri afu siku ya tatu nakosa hata mtu aliyesimama. Sa hivi mausi iko DPI 3200 (hatua inazohesabu kwa kila inchi) na ndani ya gemu nimeweka 2.5. Nifuate ya nani?

JIBU: Poa mdogo wangu. Usifuate ya mtu kwanza, tafuta rula. Fungua mechi ya mazoezi uwe peke yako, simama uangalie kona ya mlango wowote, weka mausi mwisho wa kushoto wa padi, kisha isogeze kulia taratibu bila kuinua mpaka urudi kuangalia kona ile ile. Pima hapo mkono ulipotembea. Kwa namba zako utakuta ni sentimita 5 na kidogo, yaani upana wa vidole vitatu na umeshazunguka duara zima. Sasa mkono wako ukitetemeka nusu milimita tu, na kila mkono unatetemeka, umeshahama nyuzi tatu na nusu, na adui aliyesimama mbali kule Long, ile njia ndefu ya ramani ya Dust II, kichwa chake ni kidoti, umeshakiacha zamani. Ndio maana siku ukiwa umetulia unapiga na siku ukiwa na presha unakosa, siyo kwamba umesahau kucheza.

Hesabu yenyewe ni hii, ishike maana itakusaidia miaka yote. Zidisha DPI kwa sensi ya ndani ya gemu, wewe unapata 8000. Halafu chukua 41,564 ugawe kwa hiyo namba, jibu ni sentimita za kuzunguka duara zima kwenye CS2 ukiwa na setingi ya kawaida. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike hiyo namba yao inacheza kati ya 600 na 1200, yaani sentimita 35 mpaka karibu 70. Wewe upo karibu mara saba ya hiyo ya juu, kwa hiyo kila unapokopa sensi ya mtu unakopa namba moja tu unaiacha DPI yako juu, unakuta umechukua kitu kingine kabisa ambacho hata yeye mwenyewe hakijui.

Nakushauri weka DPI 800 na sensi 1.3, utapata sentimita 40. Wiki ya kwanza utaona kama unasukuma gunia, vumilia, ni kwa sababu umezoea kucheza na kifundo cha mkono na sasa inabidi kiwiko na bega viingie kazini. Utahitaji nafasi mezani, kwa hiyo geuza kibodi ikae mshazari au ibane kushoto, na kiti kiwe na urefu wa kufanya kiwiko kilale sawa na meza. Kaa hapo wiki mbili bila kubadilisha. Ndani ya hizo wiki angalia makosa yako yana tabia gani, kama kila ukirusha mausi unapitiliza kichwa basi shusha sensi kwa asilimia kumi hivi, kama kila mara unafika pungufu panda kwa kiasi hicho hicho, na kama makosa hayana mpangilio, mara huku mara kule, hapo sensi haina kosa, ni mazoezi yanatakiwa. Ukitaka kuhamia Valorant gawa sensi ya CS2 kwa 3.18, yaani 1.3 inakuwa kama 0.41, DPI usiiguse, na mkono hautajua kama umebadilisha gemu.

Watu wanasema sana kuhusu kuzima ile "Enhance pointer precision" ya Windows. Izime, inafanya mausi iende mbali zaidi ukisogeza haraka na pungufu ukisogeza taratibu, mkono hauwezi kukariri kitu kama hicho. Ila ujue CS2 inasoma mausi moja kwa moja bila kupitia Windows, kwa hiyo kwenye gemu hiyo siyo iliyokuwa inakukosesha. Kinachoweza kukukosesha zaidi ni programu iliyokuja na mausi yenyewe, humo ndani kuna mahali wanaweka kitu cha kunyoosha mistari, ukichora mstari uliopinda kidogo chenyewe kinaunyoosha, hicho kizime haraka. Na kasi ya mausi kuripoti kwa kompyuta iwe 1000 kwa sekunde, zile za 125 zinaripoti kila baada ya milisekunde 8. Za 8000 achana nazo kwa laptopu hiyo, zinakula prosesa bure.

Nikuongezee kitu ambacho watu wa nchi za baridi hawakiandiki. Sisi wa pwani padi ya kitambaa inakunywa unyevu na jasho, mwezi wa tatu na wa nne pale ndo balaa. Mi nilikuwa na padi ambayo asubuhi inateleza vizuri na jioni mausi inagoma katikati, pale pale mkono unapolala, nikawa nabadilisha sensi kila jioni nikidhani ni mimi. Siku moja nikapitisha kidole, katikati kitambaa kimekuwa kigumu na kinanata kama kola ya shati la shule. Nikaifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kunawia, nikaisuuza mpaka povu likaisha, nikaianika kivulini siku nzima, ikarudi kama mpya. Fua ya kwako kila mwezi na ukiwa unacheza weka kitaulo chini ya mkono.

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Mombasa, nimejinyima miezi kadhaa nikanunua monita ya 144Hz, nimeifunga na sioni tofauti yoyote na ile ya kitambo. Marafiki wanasema nimeuziwa feki. Nirudishe ama?

JIBU: Waaleikum salaam. Usiirudishe kwanza ndugu yangu, mara nyingi monita haina kosa lolote, ni Windows imeiacha kwenye 60Hz, yaani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde badala ya 144. Inatokea kila siku na hakuna kinachokwambia. Ingia kwenye setingi za skrini, sehemu iliyoandikwa "Advanced display", utaona imeandikwa Hz ngapi, chagua 144. Kisha shika mausi uzungushe mshale kwa kasi kwenye ukurasa mweupe, kwenye 60 utaona mishale michache imeachana, kwenye 144 inajaa karibu karibu kama mkia. Ukishaona hivyo umeshapona.

Kama 144 haipo kabisa kwenye orodha, angalia waya. Kwenye monita nyingi tundu la HDMI, hasa za zamani kidogo, linaishia chini ya 144, tumia DisplayPort kama ipo. Na kama ni kompyuta ya mezani angalia nyuma waya umeingia wapi, lazima uingie kwenye kadi ya grafiki, kule chini kwenye matundu yaliyolala, siyo juu karibu na USB. Nimeona watu wamelipia kadi ya pesa nyingi na waya umeingia kwenye ubao mama, kadi imekaa tu humo ndani inapiga joto.

Faida yake ni hii: kwenye 60 picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7, kwenye 144 kila milisekunde 6.9. Adui akichungulia konani unamwona mapema kidogo, lakini mi naona faida kubwa zaidi ni kumfuata akiwa anakimbia, maana harakati zake zinakuwa laini na jicho linajua anaenda wapi. Ila hiyo yote inategemea kompyuta itoe fremu za kutosha, yaani picha inazotengeneza kila sekunde. Kwa hiyo zima V-Sync kwenye gemu, inasubirisha picha na utahisi mausi ni nzito kama iko ndani ya maji. Kama kadi ni ya NVIDIA washa Reflex, ipo kwenye CS2 na kwenye Valorant, inazuia fremu zisipange foleni kwenye kadi.

Upande wa picha watu wanakosea, wanashusha kila kitu mpaka chini. Kwenye CS2 kuna vitu viwili mi sivishushi hata mashine ikilia. Cha kwanza ni vivuli, kwa sababu kivuli cha mtu kinaweza kutangulia konani kabla ya mwenyewe na ukishusha sana unaacha kuona baadhi yake, wakati mwenzako anakiona cha kwako. Cha pili ni "Boost Player Contrast", iwe imewashwa, inamtoa mtu kwenye ukuta wa rangi inayofanana na nguo zake. Vingine kama ubora wa chembechembe na shader (hesabu za mwanga na rangi) shusha bila huruma. Valorant ndo usisahau rangi ya kumzunguka adui, inakuja nyekundu na unaweza kuweka njano au zambarau, jaribu njano uone, wengi jicho linaikamata haraka zaidi.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama, niko Morogoro. Kijana wangu wa kidato cha nne anataka nimnunulie skrini ya 240 kwa ajili ya mashindano ya gemu, anasema bila hiyo hawezi kushinda. Kompyuta yake ni ya kawaida. Ni kweli au ananidanganya?

JIBU: Shikamoo mama. Hakudanganyi, skrini hizo zipo na zinasaidia, ila kwa kompyuta yake huenda ikawa hela ya bure kwa sasa. Mwambie awashe namba ya fremu mkiwa mmekaa wote wawili, kwenye CS2 iko kwenye setingi za gemu sehemu ya "Telemetry", na kwenye Valorant iko kwenye setingi za video sehemu ya "Stats". Acheze raundi tatu nne na wewe uangalie ile namba hasa wakati kuna moshi na watu wengi wanapigana, siyo akiwa amesimama peke yake. Kama inacheza kwenye 70 au 80 basi skrini ya 240 haina cha kuonyesha, kompyuta haiitengenezi.

Kama haina kadi ya grafiki ya peke yake, mpelekeeni fundi aifungue aangalie RAM ipo kijiti kimoja au viwili. Kompyuta za namna hiyo grafiki inakopa RAM ya kawaida, na kikiwa kijiti kimoja njia inakuwa moja, mkiongeza cha pili kinachofanana nacho fremu zinaweza kupanda vizuri sana na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na skrini. Na fundi apulize vumbi, abadilishe ile dawa nyeupe ya juu ya prosesa kama imekauka, maana kompyuta ikichemka inajipunguza nguvu yenyewe na kijana anakuta robo saa ya kwanza gemu iko poa na baadaye inakwama. Baada ya hapo fremu zikishatulia juu ya 144, ndo muongee habari ya skrini, na hiyo ya 144 itamtosha kabisa.

SWALI: Niko Muscat, nacheza CS2 na Valorant zote. Mshikaji ananiambia niweke 4:3 ya kuvuta ili maadui wawe wanene, na amenitumia programu ya kuongeza fremu. Vipi kuhusu hivyo viwili?

JIBU: Hiyo ya kuvuta kwenye CS2 ni kweli nusu. Ukiweka 1280 kwa 960 ikajaza skrini, mtu anaonekana mpana kwa theluthi moja hivi na fremu zinapanda, ndo maana wakubwa wengi wanaitumia. Lakini upana wa kuona unashuka kutoka nyuzi 106 mpaka 90, kwa hiyo yule aliyekuwa pembeni kabisa mwa skrini humwoni tena, na adui akikatiza anaonekana anakimbia zaidi kwa sababu hata mwendo wake umevutwa. Ukiipenda kaa nayo, usirukeruke. Kwenye Valorant usihangaike, upana wa kuona umefungwa kwenye 103 na maadui hawanenepi, unachovuta ni maandishi na ramani tu.

Hiyo programu ifute leo hii. Oktoba 2023 AMD wenyewe, kampuni kubwa vile, walitoa Anti-Lag+ kwenye drayva yao, ikawa inagusa mafaili ya CS2 kwa ndani, na watu walioiwasha wakafungiwa akaunti kama wezi. AMD wakaiondoa, na Valve, wenye CS2, wakasema watu warudishiwe akaunti zao. Sasa hiyo ilikuwa ya kampuni inayojulikana na Valve walijua cha kufanya. Ya kwako imetoka kwenye grupu la simu, ukifungiwa utaenda kumwambia nani? Fremu utazipata kwa kufunga brauza na vitu vinavyojiwasha vyenyewe kompyuta ikiwaka, na laptopu iwe imechomekwa kwenye umeme kila unapocheza.

Na kwa kuwa uko Ghuba una bahati ya mtandao ambayo sisi huku hatuna, Valve wana seva Dubai na Riot, wenye Valorant, wana ya Bahrain. Hakikisha ndani ya CS2 kiwango cha juu cha ping (muda wa taarifa kwenda na kurudi kwenye seva) unachokubali umekishusha, kisije kikawa kinakutupa Ulaya usiku afu unadhani mausi imeharibika.