Watu 38 waliuliza bei, nimeuza chupa 3: hela ya kuboosti imeliwa?

SWALI: Habari za kazi. Nipo Tabata Segerea, natengeneza nyumbani achari ya embe na pilipili ya kusaga. Chupa ya gramu 400 nauza 6,000, na gharama zake zote hadi ifungwe ni kama 3,400. Mwezi uliopita nilifungua ukurasa Instagram nikaboosti posti moja (nikailipia Instagram iitangaze) kwa siku saba, 10,000 kila siku. Nilipata laiki zaidi ya 1,100 na wafuasi wapya 41. Watu 38 walikuja inboksi kuuliza bei na usafiri, lakini walionunua ni watatu, na wawili kati yao wamesharudi kuchukua tena. Je, niboosti tena, ninunue wafuasi ili ukurasa uonekane mkubwa, au nihamie TikTok?

JIBU: Dada, kwanza hongera kwa kuhesabu. Wengi wanaonifuata na shida kama yako husema tu "nimeboosti, haijalipa", na ukiwauliza ni wangapi waliuliza bei wanabaki kukuna kichwa. Wewe umenipa 38 na 3, na jibu limo humo humo.

Tangazo lilifanya kazi yake. Ukigawa 70,000 kwa 38 unapata kama 1,840 kwa kila aliyefika mlangoni kwako, na kwa biashara mpya sioni ubaya wa hesabu hiyo. Ila watu 35 walifika mlangoni wakageuka. Ukiboosti tena leo bila kugusa kitu kingine, utalipia watu wengine waje nao wageuke.

Tafuta jioni moja yenye utulivu, fungua inboksi, chukua daftari. Kwa kila mtu aliyenyamaza, andika sentensi ya mwisho uliyomtumia wewe. Mimi dau langu naliweka kwenye boda. Mtu yuko Tegeta, umemwambia achari 6,000, ameitikia "sawa". Ukamwambia boda 5,000. Hapo achari imekuwa ya 11,000, na yeye anakujibu "poa dada, nitakucheki". Sote tunaoishi mji huu tunajua maana ya "nitakucheki".

Kwa hiyo kabla ya kurekebisha ukurasa, rekebisha safari ya hiyo chupa. Acha kuuza chupa moja moja kwa wanaoletewa. Uza pakiti ya chupa tatu kwa 18,000, achanganye atakavyo embe na pilipili. Halafu usikubali kutuma kila saa mtu anapotaka. Chagua siku mbili, tuseme Jumatano na Jumamosi, na uzipange kwa njia: siku moja Ubungo, Mwenge mpaka Tegeta, siku nyingine Buguruni, Kariakoo mpaka Mbagala. Boda mmoja mwenye oda sita za njia moja hakudai nauli sita, na watu wa Dar wanaelewa ukiwaambia "upande wenu napita Jumamosi". Tafuta pia mtu mmoja anayefanya kazi maofisini Posta, akusanyie oda za wenzake, umpe chupa yake kama asante. Nimeona mama wa karanga akiendesha biashara nzima kwa namna hiyo bila kuboosti hata mara moja.

Sasa tazama hesabu inavyogeuka. Faida yako kwa chupa ni 2,600, kwa pakiti ya tatu ni 7,800. Kama kati ya watu 38 wangenunua 10, kila mnunuzi angekuwa amekugharimu 7,000 ya tangazo, na wewe ungebaki na 800. Usicheke. Hiyo 800 ni ya mara ya kwanza tu. Akirudi mara ya pili hulipii tangazo tena, 7,800 yote ni yako. Ndiyo maana katika swali lako lote, kilichonifurahisha kuliko laiki 1,100 ni hao wawili waliorudi. Achari inaliwa ikaisha, na mwenye friji yenye chupa tupu ni mteja rahisi kuliko mgeni yeyote wa mtandaoni.

Tuje kwenye ukurasa wenyewe. Kama chini ya picha zako umeandika "bei inboksi", futa leo. Wauzaji huniambia wanaficha bei ili washindani wasiione. Mshindani anajifanya mteja, ndani ya dakika moja anayo. Anayeumia ni mama aliyebanwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, anataka kujua kitu kimoja na hana muda wa kukusubiri umalize kukoroga sufuria. Badala ya "Achari tamu sana wapendwa, karibuni, bei inboksi", andika hivi: "Achari ya embe, chupa gramu 400. Moja 6,000 ukija kuchukua Segerea, tatu 18,000 tunakuletea. Kariakoo na Ilala boda 2,000, Mwenge 3,000, Tegeta na Mbagala 4,000. Tunapeleka Jumatano na Jumamosi. Unalipa ukishapokea." Nauli weka zako mwenyewe ukishaelewana na boda. Haina madoido, ila watakaokuja inboksi baada ya kuisoma wameshaamua nusu.

Kuhusu kulipa ukipokea, najua inaogopesha, ila kwa miezi ya mwanzo nakushauri ukubali. Watu wametapeliwa sana mtandaoni, na ukurasa wenye wafuasi 41 hauna cha kuwatuliza. Na kuna kitu kidogo wengi hawakioni: mteja anapokutumia hela kwa simu, jina la mpokeaji linamtokea kabla hajathibitisha. Kama ukurasa una jina la biashara na hela inakwenda kwa jina la shemeji yako, kidole kinasita. Chukua lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, jina lifanane na lile la kwenye chupa.

Ukishapanga hayo, boosti tena, ila kwa akili. Ukibonyeza kitufe kile Instagram inakuuliza unataka nini: watu watembelee ukurasa, waende kwenye tovuti, au wakutumie ujumbe. Wengi hubonyeza la kwanza bila kusoma. Mfumo huo unatii sana. Ukiomba wa kutembelea, unakutafutia watu wenye tabia ya kutembelea kurasa, na kununua ni habari nyingine. Chagua ujumbe, na uuelekeze WhatsApp. Kwenye eneo, usiuache ujichagulie. Fungua takwimu za lile tangazo la kwanza uone laiki zilitoka miji gani. Sitashangaa ukikuta Mwanza na Arusha wamekupenda sana na huna namna ya kuwafikishia chupa. Weka Dar es Salaam peke yake. Badala ya 70,000 kwa posti moja, tengeneza video mbili tofauti, kila moja 5,000 kwa siku nne, kisha ongeza hela kwa ile iliyoleta oda. Laiki usizitazame kabisa.

Video usimlipe mtu. Simu yako, dirisha lenye mwanga, sahani ya mihogo ya kukaanga. Anza na sauti ya kifuniko kikifunguka, kijiko kizame, embe litoke na mafuta yake, lidondokee muhogo wa moto kama tunavyokula Coco Beach. Sekunde kumi na tano zinatosha. Logo inayozunguka na muziki wa harusi viache. Iweke saa tano asubuhi, watu wakianza kuwazia chakula cha mchana.

WhatsApp Business, ambayo ipo tangu 2018, ndipo utakapoishi. Iweke kwenye laini ya biashara peke yake. Panga katalogi yenye bei, andika majibu ya haraka kwa maswali matatu unayoulizwa kila siku, na wape wateja lebo: "ameuliza", "amenunua", "amerudi". Kumbuka orodha moja ya kutumia watu wengi ujumbe kwa mpigo (broadcast list) inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Statasi nayo ni vilevile. Kwa hiyo kila chupa inayotoka iwe na kijikaratasi: "Hifadhi namba hii, tukuambie tukipika nyingine." Kuna sababu nyingine ya kuzikusanya hizo namba. Mtandao wa X ulizuiwa hapa nchini Mei 2025, na Oktoba mwaka huohuo intaneti yenyewe ikazimwa kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi. Waliokuwa na ukurasa tu, bila namba hata moja kwenye daftari, hawakuwa na wa kumpigia.

Kununua wafuasi: hapana. Niliwahi kumnunulia mteja wangu 5,000, wakati huo nikijiona mjanja. Ukurasa ulinenepa usiku mmoja, kisha kila posti ikawa inapata laiki tisa, na wageni wakifika wanaona kabisa kuna kitu hakipo sawa. Tulifunga ukurasa tukaanza upya. TikTok usihamie, ongeza. Video ileile ya mihogo iweke na kule, maana TikTok hukupeleka kwa watu wasiokujua hata kama una wafuasi kumi, halafu uwaelekeze WhatsApp.

Mawili ya kisheria, kwa haraka. Chakula kilichofungashwa kinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, kazi hiyo ilipohama kutoka TFDA ya zamani, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Pitia SIDO kwanza, shirika la serikali la viwanda vidogo, wanasaidia wajasiriamali wadogo kuanza taratibu hizo. Na usithubutu kuandika kwamba pilipili yako inashusha presha. La pili, zile picha za mazungumzo ya wateja wanaokusifia, usizirushe zikiwa na majina na namba zao bila kuwaomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamhusu hata mwenye jiko moja.

Kuomba kwenyewe ni rahisi, na uanze na wale wawili waliorudi. Watumie leo: "Dada, asante kwa kurudi. Achari yetu unaila na nini? Naomba nitumie jibu lako kwenye ukurasa, jina sitalitaja." Watakachojibu ndicho kitakuwa chini ya video yako ya kwanza.