Saikoanalisti wako alikuwa nani kabla ya kuwa saikoanalisti? Soma kabla hujapiga simu

Tangu nianze kusema waziwazi kwamba nakwenda kwa saikoanalisti, watu wananiuliza kitu kilekile, eti huyo ni daktari? Nikijibu hapana, wa kwangu alikuwa mwalimu wa muziki miaka mingi kabla hajaingia huku, naona uso unabadilika palepale, mtu anawaza huyu naye kaenda kutibiwa akili na mpiga kinanda. Sasa kwa vile wengi wanaotafuta mtu wanakwama hapohapo kwenye profaili, yale maelezo ambayo saikoanalisti anajiandikia mwenyewe, ngoja niseme ninavyoelewa mimi, mengine utaamua mwenyewe.

Kwa wageni kidogo tu: saikoanalisisi ni ile ya kulala kwenye kochi, mwenzio kakaa nyuma yako humwoni, unasema chochote kinachokujia kichwani hata kama ni upuuzi au aibu, dakika 45 au 50, mara 3 mpaka 5 kwa wiki ukiifuata ile kamili, na inakwenda miaka. Hayo ni masaa mengi mno ya kukaa na mtu mmoja, kwa hiyo kutaka kujua ametokea wapi si umbea.

Ila suala la udaktari limeshagombaniwa tangu enzi za Freud mwenyewe, aliyeianzisha fani hii. Yeye alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, sawa, lakini angalia waliomzunguka. Hanns Sachs alikuwa mwanasheria. Otto Rank alisomea ufundi akafanya kazi kwenye karakana ya mashine kabla hajaingia chuo kikuu pale Vienna. Binti yake Freud, Anna, alikuwa mwalimu wa shule, hakusomea udaktari. Melanie Klein hakuwa na digrii yoyote na leo kuna mkondo mzima wa fani unaitwa kwa jina lake. Halafu Erik Erikson, huyu ndo nampenda, alikuwa kijana anazunguka Ulaya anachora chora tu, akapata kazi ya kufundisha watoto Vienna, akachambuliwa (yaani akalala kwenye kochi yeye mwenyewe) na Anna Freud, na mwisho wa siku akawa profesa Harvard bila hata digrii ya kwanza.

Mwaka 1926 ikawa kesi kabisa. Theodor Reik, ambaye alikuwa na udaktari wa falsafa na sio wa hospitali, alishtakiwa Vienna kwamba anatibu watu bila kuwa tabibu, na Freud akaandika kitabu kumtetea, humo akasema shule nzuri ya masaikoanalisti ingefundisha pia historia ya ustaarabu, visasili, saikolojia ya dini na fasihi. Marekani hawakumsikiliza, chama chao kikubwa cha masaikoanalisti kilishikilia kwamba lazima uwe daktari, mpaka wanasaikolojia wakaenda mahakamani mwaka 1985 na mlango ukafunguka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980. Kwa hiyo ukimkuta mzee wa Kimarekani kwenye fani hii na ni daktari, jua wakati wake kwa wengi njia ilikuwa hiyohiyo, usidhani ni ushahidi kwamba madaktari wanasikiliza vizuri kuliko wengine.

Cha kuangalia kwanza ni mafunzo ya saikoanalisisi yenyewe, na hayo yana mafiga matatu: yeye mwenyewe amechambuliwa kwa miaka, ameona wagonjwa huku akisimamiwa na mkongwe, na amesoma semina za nadharia. Utaratibu huu ulianzia Berlin miaka ya 1920 na taasisi nyingi mpaka leo zinaufuata kwa namna moja au nyingine. Figa moja likikosekana mimi nageuza, sijali kama ukutani kuna vyeti kumi vya udaktari, hasa hilo la kwanza, maana mtu ambaye hajawahi kulala kwenye hilo kochi na kutokwa na jasho kwa kitu alichokisema mwenyewe, atajuaje anachokuomba ufanye? Na usidhani sheria itakulinda. Jimbo la New York lina leseni maalumu ya kazi hii lakini nchi nyingi hazina, Ufaransa kwa mfano jina la saikoanalisti halilindwi na sheria, yeyote anaweza kulibandika mlangoni.

Haya, mafunzo yapo, umeridhika. Sasa ndo uangalie alikuwa nani zamani, maana ile kazi ya kwanza haifutiki, inabaki kwenye sikio. Winnicott, saikoanalisti wa Uingereza, alikuwa daktari wa watoto, miaka kama 40 kwenye hospitali moja ya watoto London, na ukisoma mawazo yake kila kona unamkuta mama na kichanga, mpaka akabuni mchezo wa kuchora na watoto, yeye anapiga mstari ovyo mtoto anaugeuza kuwa kitu, halafu wanabadilishana. Bion, naye saikoanalisti wa Uingereza, alikuwa ofisa wa vifaru Vita vya Kwanza, akiwa kijana mdogo kabisa, kisha akasoma historia, kisha udaktari, na Vita vya Pili akiwa na wanajeshi waliovurugika alianza kuangalia kundi zima linavyofikiri badala ya mtu mmoja mmoja. Laplanche, saikoanalisti wa Ufaransa, alisoma falsafa na udaktari, na pamoja na kazi hii yeye na mkewe walikuwa na shamba la mizabibu wanatengeneza mvinyo, sidhani kama mvinyo ulimsaidia mgonjwa yeyote ila mi napenda tu kujua.

Wa kwangu kama nilivyosema ni muziki. Siku moja nipo naongea mambo ya nyumbani, nani kachukua nini baada ya msiba, naongea vizuri tu kwa mpangilio (mi ni mhasibu, hata hasira zangu zina safu na jumla), akanikatisha, na huwa hanikatishi, akasema, "Sauti yako inashuka mwishoni. Inashuka kila ukimtaja kaka yako." Nikakataa. Nikamwambia hapana, nimechoka tu leo. Wiki iliyofuata nikajisikia mwenyewe, nikasema jina la kaka na sauti ikazama kama vile kuna mtu chumba cha pili sitaki asikie, na kuanzia pale ndo tukaanza kuongea kweli, maana mimi nilikuja nikidhani shida yangu ni kazi. Daktari huenda naye angeisikia ile, sikatai. Ila yule amekaa miaka anasikiliza watoto wakipiga noti wasiyoiamini.

Kabla yake nilikuwa nimekwenda kwa mwingine ambaye ni daktari wa akili na saikoanalisti pia, mtu makini sana, lakini mimi nikiingia tu pale naanza kutaja dalili: usingizi, tumbo, mapigo ya moyo. Nilikuwa naleta mwili kwa sababu najua daktari anataka mwili. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa ndo njia nzuri ya kuanzia, kwangu ilikuwa sehemu ya kujificha.

Na hapa kuna mtego ambao watu wengi wanauingia kwa furaha: kumtafuta anayefanana na wewe. Mi nilifurahi mno nilipokuta mmoja aliyewahi kufanya kazi benki, nikasema huyu tutaelewana. Tukaelewana kupita kiasi. Nikisema "si unajua kufunga hesabu za mwaka kulivyo", anatikisa kichwa, tunaendelea. Huyu wa muziki nilipomwambia sentensi hiyohiyo aliuliza, "Kulivyoje?" Nikakaa kimya pale sijui nianzie wapi, halafu yakatoka mambo ya kuogopa kukaguliwa ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na hesabu. Kwa hiyo mwanasheria, mwalimu, nesi, ukiona profaili ya mwenzako wa fani usikimbilie, jiulize ni vitu gani utaviruka kwa sababu yeye eti anavijua.

Tuje kwenye ile orodha ya mambo anayopendelea, kila profaili inayo: kiwewe, msiba, wasiwasi, mahusiano. Hizo zipite, kila mtu anaandika. Tafuta lile jambo moja la ajabu ajabu, mtu kaandika anavutiwa na wanaohama nchi wakapoteza lugha yao, au ndugu waliozaliwa baada ya mtoto aliyefariki, au watu wanaoshindwa kumaliza kazi wanazozianza. Mtu hafiki huko bila kulifikiria jambo kwa muda mrefu. Na kama ameandika makala, soma moja, huna haja ya kuielewa nadharia yote, we angalia anavyomzungumzia mgonjwa. Anamcheka? Anajisifia alivyomtibu? Na lingine muhimu, ukisoma ukahisi kwamba ungekuwa jirani ya yule mgonjwa ungemtambua, funga hapo tafuta mwingine, maana kesho ni wewe.

Angalia pia mkondo wake kama kautaja. Wanaofuata Lacan, saikoanalisti wa Ufaransa, wengi hawafungi kikao kwa saa, wanaweza kukikata ghafla umesema neno moja zito, na jambo hilo lilichangia sana Lacan kuondolewa kwenye orodha ya wakufunzi wanaotambuliwa na chama cha kimataifa cha masaikoanalisti mwaka 1963. Kuna watu wanalipenda, mimi ningechanganyikiwa. Uliza mapema kikao kina urefu gani.

Kwenye kuuliza, tofautisha. Umesomea taasisi gani, ulichambuliwa wewe mwenyewe, bado unapeleka kesi zako kwa mtu wa kukusimamia au kushauriana naye: haya ni haki yako na unatakiwa ujibiwe kwa kunyooka, akinuna au akikugeuzia kibao ondoka. Lakini mambo ya una mtoto, unasali wapi, hayo asipojibu usikasirike. Mi nilimuuliza wangu kama ana watoto akaniambia, "Ungependa niwe nao?" Nilichukia njia nzima. Ila jibu lake lingetuachia kitu kimoja tu cha kuongea, na kutolijibu kumetupa cha kuongea mpaka leo.

Jambo la udaktari lina umuhimu sehemu moja ambayo haina mjadala. Ambaye si daktari kwa kawaida hawezi kukuandikia dawa. Kama hulali siku kadhaa mfululizo, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mawazo ya kujiua yanakujia, usianze na kochi, nenda hospitali au kwa daktari wa akili leo hii. Saikoanalisti mzuri atakwambia hivyohivyo, na wengi wanafanya kazi sambamba na daktari, mmoja dawa mwingine maongezi.

Na kama kinachokuzuia ni pesa, piga simu taasisi zinazofundisha masaikoanalisti uulize kama wana kliniki ya wanafunzi wao. Kule Berlin, mafunzo yalikoanzia, kliniki ilifunguliwa mwaka 1920 hasa kwa ajili ya wasioweza kulipa, na taasisi nyingi bado zina bei nafuu kwa anayekubali kuonwa na mtu aliye kwenye mafunzo. Neno mwanafunzi lisikutishe, mara nyingi ni mtu mzima aliyeshafanya kazi nyingine miaka na miaka, nesi, mwalimu, wakili, na kesi yako inapitiwa kila wiki na mkongwe, yaani unapata vichwa viwili. Muulize tu kabla hamjaanza: amebakiza muda gani kumaliza, na akishamaliza wewe utabaki naye kwa bei ileile au itapanda.