Karafuu, mswaki wa mti na wadudu wa meno: maswali yenu

Jino likiniuma nalitia mafuta ya karafuu na linatulia. Ndiyo limepona?

Halijapona, limenyamazishwa tu. Karafuu ina yujenoli, ambayo hutia ganzi neva ya jino na kuua baadhi ya bakteria. Tundu liko palepale na linazidi kuchimbika. Mafuta hayo yakiwa makali huunguza fizi, kwa hiyo yazimue kwa mafuta ya kula, chovya pamba, gusa jino lenyewe tu, kisha kamwone daktari wa meno.

Hao wadudu wanatoboaje jino?

Si wadudu, ni bakteria, na kinara wao ni Streptococcus mutans. Ukila sukari, anaigeuza kuwa gundi ya kujibandika kwenye jino na papo hapo anatoa asidi. pH, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Ndiyo maana nikisikia mmea "unaua bakteria" sishtuki. Mdomo haukosi bakteria hata siku moja. Nataka kujua kama unazuia gundi. Katekini za chai ya kijani, kwa mfano, hukibana kimeng'enya kinachoitengeneza. Ila ukiikoroga na sukari, umewapikia wao.

Nimesikia brokoli inaondoa ukoga. Niitafune kwa wingi?

Itafune kwa faida nyingine. Habari hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, mwaka 2023: kemikali itokanayo na brokoli, iitwayo DIM, ilipunguza ukoga kwa asilimia 90, lakini ni ukoga uliooteshwa maabara. Mdomoni mate hayakomi kusuuza. Tena DIM huundwa zaidi tumboni, brokoli ikiwa imeshayapita meno!

Mswaki wa mti unatosha bila dawa ya meno?

Mswaki wa Salvadora persica si wa kudharau. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mwaka 1986. Una kemikali zinazodhoofisha bakteria, na nyuzi zake zinasugua kweli. Tafuna ncha mpaka ilainike, ukate iliyochakaa. Shida ni upande wa ndani wa meno na nyuma ya magego, ambako haufiki vizuri. Dawa yenye floraidi usiiache: ndiyo inayorudishia enameli madini.

Na chingamu ya zailitoli?

Inafaa baada ya kula. Bakteria hawawezi kuichachua sukari hiyo ya mimea wakapata asidi. Iweke mbali na mbwa. Kwake ni sumu.