Muulize Mwalimu: Wafadhili Wakiondoka, Sufuria Ni ya Nani?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu. Shirika moja la hisani limelisha shule ya watoto wangu miaka minne. Mwisho wa muhula huu linafunga virago. Kamati inataka kila mtoto aletewe gorogoro tatu za mahindi na moja ya maharagwe kila mwezi, la sivyo asipakuliwe. Wazazi wengine wanasema chakula ni kazi ya wafadhili. Nifanyeje?
– Mama wa watatu, Mwingi, Kenya

JIBU: Mama, toa, lakini piga hesabu kwanza. Kipimo tulichopikia miaka mingi katika shule za maeneo kame ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto kwa siku, gramu 40 za maharagwe na gramu 5 za mafuta. Kwa siku 20 za masomo, hiyo ni kilo 3 za mahindi na gramu 800 za maharagwe. Gorogoro ni kilo mbili. Kumbe moja na nusu ya mahindi ingetosha, na maharagwe hayafiki hata nusu! Huenda ziada ni ya mpishi, chumvi na watoto wa wasiojiweza. Sawa, basi waiandike ubaoni kila mtu aione.

Hao wanaosubiri wafadhili, wakumbushe. Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulianza kulisha shule zetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula humu humu nchini, na 2018 WFP ikaiachia kazi yote. Mimi nilishika ufunguo wa ghala la shule. Gunia lilikuja bure, ndiyo, lakini kuni, maji na ujira wa mpishi vilitoka kwa wazazi. Kuna maharagwe yaliyokaa humo hadi yakawa changarawe. Mpishi akayatia magadi, akachochea tangu alfajiri, na saa nane mchana bado yanagonga meno. Kuni za wiki nzima ziliishia hapo.

Kwa hiyo iombeni kamati ipokee ndengu. Kwenu zinakubali kuliko maharagwe, tena zinaiva upesi.

Hilo la kutompakulia mtoto silikubali hata kidogo. Deni ni la mzazi. Daftari likae kwa mweka hazina, mpishi asilione kabisa. Muhula mmoja lori lilipochelewa, waliopotea kwanza darasani kwangu walikuwa wale wadogo wanaotoka mbali, na wawili hawakurudi tena.

Jambo la mwisho, nalo ni la wiki hii: sufuria kubwa, na jiko kama walijenga, viandikwe kuwa mali ya shule kabla hawajaondoka. Wetu walipoondoka, nilifungua ghala nikakuta sakafu iliyofagiwa vizuri na mwiko mmoja.