Uliza Fundi: lenzi imejaa chumvi, nifute na nini?

SWALI: Fundi salaam aleikum. Mimi napiga picha hapa Lamu, harusi na pia wageni wanaopanda jahazi jioni. Kila nikirudi kutoka Shela lenzi ina ukungu wa chumvi, nafuta na kikoi inazidi kuchafuka. Halafu juzi nimeona vinyuzi vyeupe ndani ya kioo. Rafiki yangu aniambia nitie mate nifute, ati ndiyo dawa. Kweli?
Mpiga picha, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam. Huyo rafiki yako kwanza muulize amekula nini, maana mate ya mtu aliyetoka kwa samaki wa kupaka hayo si dawa hayo ni mchuzi. Na kikoi wallahi ndiyo mbaya zaidi, umekikalia mchangani mchana kutwa, sasa ule mchanga una chembe ngumu kuliko kioo, ukisugua unajichorea mikwaruzo mwenyewe na hakuna fundi wa kuifuta.

Kwa hivyo usiguse kwanza. Geuza lenzi iangalie chini, puliza na kile kipulizio cha mpira, si mdomo (mate tena!) na si kopo la hewa la kusafishia kompyuta, lile hutema majimaji baridi ya gesi yake. Halafu brashi laini, na nywele zake usizishike na vidole vina mafuta.

Chumvi nayo haifutwi kavu, inayeyuka kwa maji. Chukua kitambaa cha maikrofaiba, kilowe kidogo maji yaliyochemshwa yakawa mvuke yakakusanywa, yanauzwa kwenye petroli stesheni kwa ajili ya betri za gari, lakini soma chupa vizuri usije ukabeba asidi ukaja kunilaumu mimi. Maji yaende kwenye kitambaa, SI kwenye lenzi, yakiingia pembeni yanashuka ndani. Gusagusa chumvi ilainike, ndipo ufute polepole ukizungusha kutoka katikati kwenda nje. Ukienda baharini ivishe lenzi filta, kile kioo cha kinga cha mbele, hiyo ikikwaruzwa unanunua nyingine.

Hivyo vinyuzi ni kuvu bwana, kitambaa hakifiki huko. Peleka kwa fundi mapema kabla hajala ule utando wa juu ya kioo, na lenzi hiyo uitenge na zile nyingine. Mkoba wa ngozi ndani ya kabati la giza na unyevu wetu huu wa pwani, kuvu anajiona yuko hotelini! Weka kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na ukitoka chumba cha eisi usifungue mkoba hapohapo, ngoja ipate joto, la sivyo inatoka jasho.

Vumbi kidogo lakini achana nalo, kwenye picha halionekani. Ukiona madoa meusi angani piga picha ya mbingu kwa f/16 (tundu la lenzi limebanwa dogo), badilisha lenzi piga tena, yakibaki palepale uchafu uko kwenye sensa, kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha, na huko usitie pamba ya masikio.