Jina la ugonjwa peke yake halikupi mafao

Nina miasthenia gravis, ule ugonjwa ambao kinga za mwili zinashambulia pale neva inapokutana na msuli, yaani amri inatoka kwenye ubongo ila msuli hauipokei sawasawa. Mara ya kwanza kuomba mafao ya ulemavu nilikataliwa.

Nilidhani barua ya daktari wa neva yenye jina la ugonjwa na majibu ya damu inatosha. Haitoshi jamani. Anayesoma faili lako anatafuta kitu gani huwezi kufanya na umeshindwa kwa muda gani. Siku ya kupimwa nilienda asubuhi, nimelala vizuri na dawa nimemeza, nikaambiwa nyanyua mikono nikanyanyua, inuka kwenye kiti nikainuka, ikaandikwa nguvu za kawaida. Mchana wa siku hiyo hiyo kope zimeshuka, naona vitu viwili viwili, kutafuna siwezi. Hiyo hakuna aliyeiona!

Kwa hiyo kama ugonjwa wako unapanda na kushuka kama wangu anza daftari leo. Mi niliandika wiki 6, kila siku, saa ngapi nguvu zimeisha, nilikuwa nafanya nini, nilipumzika kiasi gani ndo nikaendelea. Usiandike "nachoka sana", andika "nikichana nywele mkono unaanguka kabla sijamaliza, napumzika dakika 20". Nikampelekea daktari wangu, akanipima upya kwa kurudia rudia, mikono mbele mpaka ishuke yenyewe huku anahesabu sekunde, akaongeza kipimo cha pumzi na kile cha kusisimua neva kwa umeme mara nyingi mfululizo, maana hapo ndo inaonekana msuli unavyoishiwa. Yote yakaingia kwenye ripoti. Wenye distrofi ya misuli (ule ugonjwa wa kurithi ambao misuli yenyewe inadhoofika taratibu) nyie ripoti yenu ielezee zaidi ngazi, kuinuka kutoka sakafuni, na kwa mwezi unaanguka mara ngapi.

Sheria kila nchi na zake, soma za kwako kabla ya kujaza fomu. Marekani wanataka hali iliyodumu au inayotarajiwa kudumu angalau miezi 12 (au ya kusababisha kifo). Uingereza, kwenye mafao yanayoitwa PIP, inatakiwa iangaliwe kama kitu unaweza kukifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia na ndani ya muda unaofaa. Hilo la kurudia linatuhusu mno sisi wa misuli. Ukiulizwa unaweza kupanda ngazi usijibu "ndio" ukaishia hapo, sema mara ya kwanza napanda, ya pili nashika ukuta, ya tatu siwezi kabisa. Huo sio uongo wala kujidhalilisha, ndo hali yako ilivyo.

Ukikataliwa soma sababu waliyoandika halafu angalia tarehe ya barua, rufaa ina siku zake, Marekani kwa mfano ni 60 tangu upokee barua. Jibu ile sababu yenyewe, usirudishe makaratasi yale yale.

Na muombe unayeishi naye aandike pia. Dada yangu aliandika ukurasa mmoja tu, kwamba ananifunga vifungo vya nguo, jioni simu anapokea yeye kwa sababu sauti yangu inapotea, na usiku anaamka kusikiliza kama napumua vizuri. Mimi mwenyewe hilo la usiku nililijua nilipolisoma pale. Rufaa ilikubaliwa.